Magurudumu ya Mbele Yanadai Jembe

Jana nililala na hasira zangu, hata ugali sikuumaliza, na usiku huohuo nikaota magurudumu mawili ya mbele ya trekta yamekaa kwenye makochi yangu, yanakunywa chai.

Nieleze hasira kwanza, maana sipendi mtu aseme Asajile anaota ovyo. Mimi ndiye dereva wa trekta dogo la kikundi chetu cha wakulima wa mpunga hapa Usangu. Jana jioni nilizama nalo kwenye jaruba la mpunga la dada yangu Sekela. Magurudumu ya nyuma yalizunguka mpaka yakajichimbia kaburi. Tukavutwa na maksai wa Mzee Ngwale, na mzee yule hakukosa la kusema: "Asajile, hilo trekta ulipe nyasi, labda lina njaa." Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Dada Sekela hakucheka. Zamu yake ya maji inaisha leo saa sita mchana. Jaruba lisipochavangwa kabla ya hapo, yaani tope lisipovurugwa likawa laini, maji yanahamia kwa wengine na kurudi kwake ni mpaka baada ya siku kumi na mbili. Miche yake kitaluni imeshapitiliza umri wa kupandwa. Ni mjane, na jaruba ni hilohilo moja. Aliniambia tu, "Mdogo wangu, nimekutegemea wewe." Bora angenitukana.

Trekta lina kifimbo cha kuyafanya magurudumu ya mbele nayo yavute. Fowili, wanaita. Sijawahi kukigusa. Siku ya kwanza niliambiwa kinakula mafuta, nikakifunga kwa mpira wa baiskeli, na kwa misimu mitatu nimekuwa nikitundika hapo mfuko wangu wa chakula.

Basi, ndotoni naingia sebuleni na magurudumu hayo hapo. Moja limekunja nne. Usiniulize gurudumu linakunjaje nne.

"Karibuni," nasema, maana adabu ni adabu.

"Tulishakaribia," linajibu la kushoto. "Tumekaribia misimu mitatu."

"Mgeni siku mbili," linasema la kulia, kisha linanitazama.

"Ya tatu mpe jembe," namalizia. Methali ikianzwa huwezi kuiacha hewani.

"Liko wapi?"

"Lipi?"

"Jembe letu."

Nachanganyikiwa. Nayaambia kazi yao ni kuelekeza, si kulima. Yanatazamana. "Tunaelekeza nini," linauliza la kushoto, "na safari yenyewe haiendi?"

Mke wangu anapita na chupa ya chai. "Baba Lusajo," anasema, "wageni wako wanalala tena leo? Maana mablanketi yameisha."

Kabla sijajibu, sakafu inalegea. Saruji inakuwa tope, meza inazama taratibu, na paa limeondoka bila kuaga. Kumbe tuko kwenye jaruba la dada. Magurudumu ya nyuma yanatokea chumbani kwetu, makubwa, yamejifunga khanga kiunoni, macho yamevimba kwa uchovu.

"Sisi wawili ndio tunaobeba nyumba hii," linasema moja. "Na hao wadogo zetu tunawasukuma kama mkokoteni."

"Mkichoka?" nauliza.

"Tunateleza."

"Mkiteleza?"

"Tunachimba. Unafikiri mafuta yako yanakwenda wapi? Kuzunguka mahali pamoja ndiko kunakokula mafuta. Tungevuta wanne, nani angezunguka bure?"

Mimi mtu akinishinda kwa hoja napandisha sauti. Nafoka kwamba trekta ni langu. Magurudumu yote manne yanasema kwa pamoja kwamba ni la kikundi. Kweli, ni la kikundi.

Hapo tope lenyewe linasimama. Limevaa miwani, lina daftari.

"Jina?"

"Asajile."

"Unaingia kwa miguu mingapi?"

"Miwili. Watu wote wana miwili."

"Vizuri. Anayeingia kwa miwili anabaki." Linaandika.

Nataka kubisha, lakini katikati ya jaruba namwona Dada Sekela, amekumbatia miche yake. Miche imeota ndevu nyeupe. Mmoja unakohoa, unaomba fimbo. Mwingine unamwuliza dada kama yule kijana wa trekta bado yuko hai, maana ungependa kupandwa kabla haujafa.

"Asajile," anaita dada. Hapazi sauti. "Maji yanaondoka."

Namkimbilia. Hatua ya kwanza, goti. Ya pili, paja. Nikirusha miguu, ndiyo kwanza nashuka. Namwona dada anarudi nyuma, mbali.

"Tulia," linasema la kushoto. "Hatumuunganishi mtu anayehangaika. Simama kabisa."

Nasimama.

"Sasa weka mikono chini."

"Mimi? Mtu mzima na ndevu zangu, nitambae mbele ya dada yangu?"

"Basi jivune, uzame," linasema la kulia, na linapuliza chai yake.

Naweka mikono chini. Bega linalia ko! na kitu kinashikana ndani. "Mikono itangulie kidogo," yananifundisha, "miguu ifuate. Ukikata kona, vuta kwa mbele." Navuta. Lo! Natoka pale kama sindano kwenye kitambaa. Tope linavua miwani, linafuta jina langu kwa uchungu mkubwa.

Ninavyochavanga sasa! Naenda, narudi, nakata kona. Mara, bila taarifa, jaruba linageuka kuwa barabara ya lami, kavu, ina joto. Naendelea na mikono yangu na viganja vinachubuka, mabega yanasokotana, mikono na miguu inagombana nani atangulie.

"Nyanyuka!" yanapiga kelele magurudumu. "Unajila mwenyewe!"

"Mara inama, mara nyanyuka, mnataka nini nyinyi?"

"Kwenye tope, manne. Kwenye lami, mawili. Hapo kigumu ni kipi?"

Bado sielewi vizuri, nasema kweli, lakini nanyanyuka, natembea, lami inakwisha, nainama tena. Nafika kwa dada. Ndevu za miche zinapukutika. Ule uliokuwa ukikohoa unanyooka, unaomba radhi kwa usumbufu.

Dada ananitazama nilivyoinama. "Kumbe ulikuwa nayo mikono siku zote," anasema.

Hapo ndipo nilipoona haya. Kutambaa hakukunisumbua tena. Nilionea haya misimu mitatu, nilivyomwacha aingie humu na jembe la mkono kwenye zile kona nilizokuwa nikizikwepa, halafu nikamwambia trekta lina mwisho wake.

"Nisamehe, dada."

"Samahani haipandwi, Asajile. Chavanga."

Nikachavanga mpaka jogoo akawika, na jogoo alikuwa wa kweli.

Kumepambazuka. Mke wangu amesimama mlangoni, mikono kiunoni, anatazama shuka lilivyojaa tope.

"Baba Lusajo, jana si ulioga wewe?"

Nikaiwahi simu, ilikuwa inaita. Ni Dada Sekela, yuko jarubani tangu alfajiri, nasikia maji yanapita karibu yake.

"Ile kona ulipozama," anasema, "kuna kipande kimeshachavangwa. Ukubwa wa mkeka tu, lakini laini kabisa. Na hakuna alama ya tairi."

"Kuna alama ya nini?"

Nikasikia anapiga hatua majini.

"Viganja. Viganja na nyayo, vinakwenda na kurudi. Asajile, ni mwendawazimu gani aliyetambaa humu usiku?"

Nikatazama kucha zangu, zimejaa tope.

"Ni mimi, dada," nikasema. "Nakuja na trekta kumalizia, kwa magurudumu yote manne."