Msalaba wa Tarehe Kumi na Nne Machi

Kila Januari bima ya afya ikipanda, mimi hupandwa na mori. Barua yao naisukuma nyuma ya birika, halafu nakaa dirishani kutafuta wa kumlaumu. Kwa miaka mitatu wa kumlaumu alikuwa ng'ambo ya uzio: Bibi Hiltje, mjane wa Roelf, mwenye miguu inayovimba na kutoka vidonda. Asubuhi linakuja gari dogo jeupe, mtu anamvalisha soksi za kubana, anaondoka. Jioni gari linarudi, mtu mwingine anamvua. Kila siku ya Mungu, Krismasi ikiwemo. Sura zilibadilika kila wiki, na sikumwona hata mmoja aliyevua koti.

"Soksi!" nilimwambia paka wangu. "Nchi nzima tunalipa ili mtu avalishwe soksi!"

Na Hiltje mwenyewe hatukuwa tunasemezana. Wiki ileile aliyomzika Roelf, nilipanda ngazi nikakata tawi la mtufaha wao lililolalia banda langu la baiskeli. Tawi lilikuwa haki yangu kulikata. Wiki ndiyo haikuwa haki yangu, ila hilo sikulikiri kwa miaka tisa.

Mwaka huu, mwishoni mwa Januari, magari meupe yakakoma. Kijiji chetu kilichukuliwa na kikundi cha manesi tisa wasio na bosi, wanaogawana nyumba za wagonjwa wenyewe mezani. Kwa Hiltje akaja mmoja aitwaye Tjitske, juu ya baiskeli yenye mnyororo unaolia hadi mtaa mzima wa kando ya mfereji unasikia. Nilitengeneza baiskeli miaka arobaini. Mnyororo ule uliniuma meno. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikaa humo ndani saa nzima.

Baadaye niliambiwa alichofanya. Alivua koti. Akanywa kahawa. Akachukua biskuti yake moja kabla Hiltje hajafunga kopo, kama ilivyo adabu ya kwetu: mgeni mmoja, biskuti moja. Kisha akaomba kwenda chooni, na huko hakutoka upesi.

Maana kwetu chooni ndiko iliko kalenda ya siku za kuzaliwa, imetundikwa mbele ya macho ya aliyekaa. Haina mwaka, jina likiandikwa humo limeandikwa, na mwenyewe akifa huongezewa msalaba mdogo. Tjitske aliisoma yote, Januari hadi Desemba.

"Bibi," alisema alipotoka, "nimekuta watu ishirini na saba, misalaba ishirini. Pole sana. Na huyu aliyeandikwa Wubbo wa nyumba ya pili alikufa lini? Maana nikiwa nakuja kuna mzee amenikodolea macho dirishani."

"Hajafa," Hiltje akajibu. "Nilimzika mwenyewe."

Dakika tano baadaye mlango wangu uligongwa.

"Habari za asubuhi, marehemu."

"Marehemu nani?"

"Wewe. Tarehe kumi na nne Machi, una msalaba chooni kwa jirani yako. Nimekuja kuomba mikono yako, kama bado inafanya kazi."

Akanieleza. Kuna kitambaa cha kuitelezesha soksi mguuni, kuna glovu za mpira za kuoshea vyombo, za kuishikia. Kwa vitu hivyo viwili Hiltje angeweza kujifunza kuvaa soksi zake mwenyewe. Ila wiki za mwanzo lazima mtu awe karibu kila asubuhi.

"Si ndiyo kazi unayolipwa wewe?" nikamwuliza.

"Ndiyo. Na mtaa wa nyuma kuna baba mwenye saratani anayetaka kufia kitandani kwake. Kila robo saa ninayovuta soksi ambazo mtu anaweza kuvaa mwenyewe, namnyima yeye. Halafu, mzee, si wewe unayelia bima imepanda? Mtaa mzima unakusikia ukigombana na paka."

Nikachukua kofia yangu.

Hiltje aliponiona alishika mikono ya kiti. "Huyu? Aguse mguu wangu? Heri uoze!"

"Mguu ukioza utapelekwa hospitali, na ukitoka hospitali ni nyumba ya wazee," Tjitske alisema taratibu.

Hiltje akaachia mikono ya kiti. Kisha sauti ikamtoka ndogo, sikuwahi kuisikia. "Nikijua kuvaa mwenyewe, nani atafungua tena mlango huu?"

Nesi mwingine angemdanganya. Tjitske hakumdanganya. "Mimi nitakuja Alhamisi tu, kuangalia vidonda. Siku nyingine sitakuja, bibi."

Aliposema hivyo aliniangalia mimi. Nilisikia aibu mpaka masikioni.

"Wiki ile," nikasema, "haikuwa wiki ya kukata mti."

"Miaka tisa umeitafuta sentensi hiyo?"

"Ilikuwa nyuma ya birika."

Hiltje aliifikiria. "Haya. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Piga magoti."

Kumbe soksi ya kubana ni tairi jipya kwenye ringi. Ukitumia nguvu, umeshindwa. Unaanza kisigino, unaiweka sawa, halafu unasukuma kwa viganja, pande zote, kidogo kidogo. Nilimfundisha nilivyowafundisha vijana wa karakana, naye akanitukana walivyonitukana wao. Wiki ya tatu alivaa ya kushoto peke yake. Vidonda vilianza kufunga. Yule baba wa mtaa wa nyuma alifia kitandani kwake, Tjitske akiwa amemshika mkono, na siku hiyo nilimtengenezea mnyororo bila kuulizwa. Nimewaona wataalamu wengi kwenye televisheni wakieleza jinsi ya kushusha gharama za matibabu. Hakuna hata mmoja aliyeanzia chooni.

Tarehe kumi na nne Machi, siku niliyozaliwa, nilipofika, Hiltje alikuwa ameketi, glovu mapajani, soksi zote mbili miguuni.

"Umechelewa," akasema. "Nimemaliza."

Sikujua niweke wapi mikono yangu. Nilijiona kama gari jeupe: kazi imekwisha, kwaheri. Nikabaki nimesimama na koti langu.

"Vua hilo koti. Kahawa inapoa."

Akanipa biskuti moja, akafunga kopo. Akalitazama, akalifungua tena. Nilichukua ya pili, na ili asinione uso nikaenda chooni.

Jina langu lilikuwa palepale. Wino wa miaka tisa haufutiki, na msalaba wangu haukufutwa. Alikuwa ameuzungushia duara tu, kwa kalamu mpya, na msalaba umekuwa spoki nne za gurudumu.

Nilikaa humo mpaka mlango ukagongwa.

"Wubbo! Umekufa tena?"

"Bado," nikasema, nikitafuta karatasi ya kufutia macho.