Jirani wa Meza ya Glasi

Ting. Kimya. Kisha ting nyingine, nene kidogo kuliko ya kwanza.

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Mama mmoja kijana, ndiyo kwanza anarudi kutoka darasa la jioni, alisimama mlangoni viatu mkononi, akatega sikio. Jikoni gizani kulitoka kicheko kilichobanwa, kisha sauti ya mama yake mzazi, kwa lugha ya kwao.

"Ongeza maji kidogo. Kidogo nimesema, siyo mafuriko."

"Bibi, sioni hata pua yangu."

"Pua ya nini? Tunatumia masikio hapa."

Ting.

Aliyekuwa akicheka ni binti yake, ambaye nyumbani walimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukai. Kesho yake shuleni kulikuwa na jioni ya sayansi, na kila familia ilitakiwa ilete jambo dogo la nyumbani, ilionyeshe mezani, na ilieleze kwa lugha yoyote inayoijua. Chiriku na bibi yake walichagua glasi. Maji yakizidi, sauti inashuka, yakipungua, inapanda. Bibi aliyagundua hayo kitambo akiosha vyombo, na tangu aje kukaa nao alikuwa akimpigia mjukuu nyimbo nzima kwa kijiko.

Mama mtu alipaswa kufurahi. Badala yake alibaki palepale mlangoni, viatu bado mkononi.

Mwanzoni mwa mwaka, Chiriku alipokuwa akikaa darasani kama aliyemwagiwa maji baridi, mwalimu wa sayansi alimwita mama yake, akamuuliza nyumbani wanazungumza nini. Alikuwa ameuliza kwa wema tu. Lakini mama akajiwa na picha ya mwanawe akitengwa, akipelekwa kukaa na wanaosemwa wazito wa kuelewa, akajibu bila kupepesa macho: "Lugha ya shule tu, mwalimu. Na tuko wawili tu nyumbani." Akatembea na uongo huo tangu siku hiyo kama kokoto kiatuni.

Alitumaini maumivu ya magoti ya mama yake yangemzuia kwenda. Thubutu. Kesho yake bibi alikuwa wa kwanza kuvaa, gauni lake la heshima limenyooka, glasi kazifunga kwenye taulo na kuzipakata kama mayai.

"Mbona umenuna?" akauliza njiani. "Au unaogopa nitakuzidi alama, msomi wetu?"

Mlangoni mwa ukumbi mwalimu wa sayansi alikuwa amevaa aproni iliyochafuka rangi, mbele yake sahani ya tepe na pini. Kila lugha ilikuwa na rangi yake, ili wanaoelewana waonane. Tepe za njano, za lugha ya kwao, zilikuwepo. Mama kijana aliziona. Akachukua mbili za kijani, za lugha ya shule.

"Karibuni, wawili wangu," mwalimu akasema, akitabasamu. "Na huyu mama?"

"Jirani yetu," akasema. "Tumeongozana tu."

Yalimtoka laini, kama alikuwa ameyafanyia mazoezi. Mama yake hakujua mengi ya lugha ya shule, lakini neno hilo alilijua. Ndilo alilokuwa akilitumia kila asubuhi kusalimia watu kwenye ngazi. Akamtazama binti yake jinsi mtu anavyoitazama glasi iliyomponyoka na bado haijafika sakafuni.

Kisha akamnyooshea taulo lenye glasi. "Haya, jirani," akasema kwa lugha yao, taratibu. "Pokea vyombo vyako. Usije ukavunja."

Akajiendea hadi benchi la ukutani, alipokuwa mke wa fundi cherehani wa mtaani kwao akihangaika na kichanga. Akampokea mtoto, akaanza kumbembeleza.

"Mama, Bibi anaenda wapi?"

"Nyamaza. Tutaongea nyumbani."

Chiriku akanyamaza, na kunyamaza kwake kulimchoma mama yake kuliko kilio.

Mezani mama kijana alimimina maji. Alijaza glasi zote sawasawa. Chiriku alizigonga moja moja. Zote zikatoa sauti ile ile. Akafumba macho, akaanza kupunguza huku na kuongeza kule, akisikiliza, mpaka wimbo ukajipanga. Watu wakasogea. Mwalimu naye akaja, akasikiliza mpaka mwisho, mikono mgongoni.

"Nani kakufundisha haya?"

Chiriku alimwangalia mama yake kwanza, kama mwanafunzi anayetafuta jibu linalokubalika.

"Jirani," akasema.

"Basi una jirani mzuri sana."

Mama kijana aliomba ardhi ipasuke immeze. Uongo ulikuwa wake, naye alikuwa amejiapiza kuubeba peke yake. Sasa ameukuta kinywani mwa mtoto, umekaa vizuri, kama umezaliwa humo.

"Na kwa nini maji yakizidi sauti inashuka?" mwalimu akauliza.

Chiriku akafungua kinywa. Maelezo alikuwa nayo, lakini aliyapata gizani, kwa lugha ya bibi yake. Akakifunga. Mama yake alilijua jibu kwa lugha ya shule. Darasa la jioni walishafundishwa habari za mtetemo. Angeweza kulisema, akasifiwa, wakaenda zao.

"Mama," mama kijana akaita badala yake, kuelekea benchi. Sauti ilitoka nyembamba. Bibi aliendelea kupembea kichanga, macho chini.

"Mama, njoo," akaita tena, kwa lugha ya kwao, na safari hii ukumbi wote ukageuka. "Njoo tafadhali. Meza ni yako."

Bibi hakuwa na haraka. Alimfuta mtoto mate, akamrudisha kwa mama yake, akanyoosha gauni, ndipo akaja.

"Umeniita, jirani?" Hakutabasamu.

Binti yake alitaka kusema nisamehe. Badala yake akachukua kijiko, akampa mama yake kwa mikono miwili. Bibi alikipokea bila kumtazama usoni.

Mwalimu akawaangalia wote watatu. "Kumbe mnaelewana lugha na jirani," akasema, bila kejeli yoyote, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Uso wa mama kijana ulikuwa ukimwaka, utepe wa kijani kifuani ukimwasha kama upupu. Ndipo Chiriku, ambaye shule hiyo haikuwa imewahi kumsikia akipaza sauti, akasogea katikati yao, akashika meza kwa mikono yote miwili.

"Jirani ni mama yake mama yangu," akasema kwa lugha ya shule.