Mdundo wa Mama Mkwe

Gauni la kulalia la mama mkwe lilikuwa limetundikwa kwenye stendi ya maikrofoni, na maikrofoni yenyewe imelala ndani ya soksi juu ya kabati, jirani na dawa za shinikizo la damu. Mtunzi wa muziki alisimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, akakitazama chumba ambacho hadi wiki chache zilizopita kilikuwa chumba chake cha kazi. Kinanda kikubwa kilisimamishwa wima nyuma ya mlango kama mtoto aliyeadhibiwa. Pale palipokuwa na kiti chake sasa palikuwa na kitanda, na juu ya kitanda alikaa mama wa mkewe, akiukodolea macho mguu wake wa kushoto kama msimamizi anayemtazama kibarua mvivu.

"Mkwe, leo tunaanza saa ngapi?"

"Nikuletee chai kwanza, mama."

"Chai haina miguu, haitakimbia. Tuanze."

Kiharusi kilimkuta akianika nguo kwenye kibaraza chake cha ghorofa ya tatu, alikoishi peke yake tangu afiwe na mumewe. Kilimlegeza mguu na mkono wa kushoto, lakini ulimi kiliuacha, na kwa maoni ya mkwewe kiliunoa kabisa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alisema wazi: mama hatarudi kwake kuishi peke yake mpaka aweze kutembea korido nzima ya hospitali bila kushikwa, akifuata mapigo mia moja kwa dakika. Huo, alisema, ndio mwendo wa mtu anayeweza kuvuka barabara kabla taa hazijabadilika. Alimpa wiki sita. Akishindwa, nyumba ile aliyopanga irudishwe kwa mwenye nyumba, naye mama abaki kwa binti yake. Kisha akawapa kidude kidogo cha kuhesabia mapigo, kinachosema tik, tik, tik.

Mama mkwe alikisikiliza kwa siku moja, akakitia chini ya mto.

"Hiki ni bomba linalovuja," alisema. "Mimi nataka ngoma."

Na ngoma aliyoitaka haikuwa ya watu wa rika lake. Kwa miaka ishirini na sita alishona kola za mashati katika kiwanda chenye mashine arobaini na redio moja, na redio ile haikutolewa kwenye stesheni ya muziki wa klabu, ule wa mitambo mitupu, duf duf duf tangu asubuhi hadi kengele ya jioni. Hakuna muziki mwingine uliosikika juu ya ngurumo za mashine. Wenzake uliwaumiza kichwa. Yeye aliupenda, na mpaka leo alikuwa akiusikiliza akipiga pasi.

Mtunzi aliuchukia. Riziki yake ilitokana na muziki wa polepole, wa filamu za mito na misitu na wa kusindikiza matangazo ya vifo redioni. Kazi yake ilikuwa kumfanya mtu anyamaze. Muziki wa klabu aliuita kutwanga kinu kitupu.

"Mtengenezee mama," mkewe alimwambia akifunga viatu, tayari amechelewa kazini. Alikuwa mpokeaji wageni katika kliniki ya meno, akiondoka alfajiri na kurudi jua likizama.

"Huo muziki siupendi, unajua."

"Nani kakwambia uupende? Wewe utengeneze tu."

Alikubali haraka kuliko mkewe alivyotarajia, na sababu hakumwambia mtu. Siku hizi alifanya kazi kwenye meza ya chakula, kati ya kikapu cha vitunguu na dirisha lisilofungika, akimeza mate ya hasira kila pikipiki inapopita. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema la kufanya mgeni akiwa amekuzalia mke. Kadiri mama atakavyotembea mapema, ndivyo chumba kitakavyorudi mapema. Ndilo lililomkalisha mbele ya kompyuta.

Mdundo wa kwanza ulimchukua siku mbili, na alijidanganya kwamba ni kazi nzuri. Alianzia mapigo sabini. Kwa kuwa hakuweza kuvumilia ukavu wa mtambo, aliupamba: akaliachia pigo la pili lichelewe kidogo, chembe tu ya pumzi, kama mpigaji wa kweli anavyofanya anapoona utamu. Akawasha spika. Mama mkwe akasimama, akatoa mguu wa kulia, akainua wa kushoto. Mguu ukasubiri pigo, pigo likachelewa, na mguu ukabaki hewani. Alipepesuka akalidaka kabati, chupa za dawa zikaporomoka. Mtunzi alimkamata mabegani, naye hakuwahi kumgusa zaidi ya kumpa mkono tangu siku ya posa. Wote wawili waliona haya.

"Mkwe," mama alisema akihema, "usinipambie. Nipigie tu."

"Nilitaka uwe na utamu kidogo, mama."

"Utamu wa nini? Muziki wako ni mzuri, sikatai. Lakini unamkalisha mtu chini, na mimi nimekwisha kalishwa. Huu wetu hauniulizi habari za moyo. Unanichukua tu unanipeleka."

Basi akaanza upya, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitengeneza kitu kisichokosea hata chembe. Besi ilitua pale kisigino kinapotua. Lakini bado mguu wa kushoto ulisita, mpaka mama mwenyewe alipomfundisha: mguu mgonjwa hauhitaji kuambiwa utue lini, kutua unajua, unahitaji kuambiwa uinuke lini. Mtunzi akatia kati ya besi na besi mlio mwembamba, tsi, kama mtu anayemwita mhudumu. Mguu ukaitika. Siku ile walizunguka chumba mara tatu, naye jioni alimsimulia mkewe habari ya ule mlio kwa kirefu, hadi mkewe akacheka na kumuuliza kama naye sasa ataanza kwenda klabu.

Wiki ya kwanza sabini, ya pili themanini, ya tatu themanini na nane. Baada ya hapo mambo yakakwama. Kwenye tisini na sita, wakipita kandokando ya kitanda kuelekea mlangoni, mama alianguka kitandani kila mara katika hatua ya nne au ya tano, akajiinua, akasema, "Tena." Asubuhi tena, adhuhuri tena, alasiri tena. Mtunzi alikuwa na filamu ya kumaliza, na kichwani hamkuwa na kitu ila duf. Alikula kwa duf, akapiga mswaki kwa duf. Macho yalimwasha. Alichoka hadi akachoka kuwa na adabu, akawa anajibu "ndiyo, mama" kwa sauti ya mtu anayefunga mlango.

Siku moja adhuhuri, baada ya "tena" ya saba, aliinamia kompyuta akaurudisha mdundo kwenye themanini na nane. Mama akasimama, akaenda moja kwa moja hadi mlangoni, akagusa kitasa.

"Hiyo ni tisini na sita?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Alimtazama kidogo. "Haya," akasema, akarudi kulala. Nyumba ikanyamaza alasiri nzima. Mtunzi akamaliza sehemu ya filamu iliyomshinda wiki mbili, na utulivu ule ulimwingia mwilini kama maji ya moto.

Uongo ukishaingia nyumbani huomba na chakula. Keshokutwa yake alitangaza tisini na nane, na siku zilizofuata akatangaza mia moja, na mdundo ni uleule wa themanini na nane. Mkewe alilia kwa furaha jikoni, akaanza kukunja nguo za mama na kuziweka sandukuni. Mtunzi alimsaidia kukunja. Kila akikunja aliiona ile korido ya hospitali, mtaalamu na kidude chake kisichojua huruma, na kikongwe aliyepelekwa pale na uongo wa mkwewe. Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ilikuwa na urefu wa korido moja.

Siku moja kabla ya mtihani alishindwa kuvumilia. Mkewe alikuwa kazini. Aliingia chumbani, akakaa kwenye ukingo wa sanduku.

"Mama, kuna jambo kuhusu ule mdundo."

"Ni themanini na ngapi?"

Mtunzi aliinamia kufuli la sanduku. "Na nane."

"Nilikisia tisini. Umenipunja hata katika kunipunja." Alicheka kidogo, akajipangusa mdomo kwa kiganja kizima. "Mkwe, nimeshona kola kwa mwendo wa mashine miaka ishirini na sita. Unadhani sijui mguu wangu ukienda pole?"

"Mbona hukusema?"

Mama mkwe alilivuta shuka, akalinyoosha juu ya magoti ambayo tayari yalikuwa yamefunikwa.

"Nilidhani hutaki niondoke," alisema. "Nikajiambia, mtu wa makamo yangu, mgonjwa, nimekukalia chumba chako, nimekujazia kelele usizozipenda, na bado unanifanyia hila nisiondoke. Sikutaka kukukatiza. Nikasema, acha nami nitakwe siku mbili tatu."

Mtunzi alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa mwepesi, maneno machache tu: nilitaka ukae kimya. Aliyatafuta akayapata yote, yamejipanga, na akaona kwamba hawezi kumpa mtu kitu kama kile. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu utotoni. Na chini ya aibu aliona jambo jingine lililomshangaza: kwamba miezi miwili hii hakuna mtu mwingine aliyeisikiliza kazi yake kwa makini kama huyu, kwa uti wa mgongo na kisigino, mpaka akaujua upungufu wa mapigo kumi na mawili.

"Samahani, mama," alisema.

"Ya nini? Nimeshukuru. Lakini kesho ndiyo kesho. Weka ile yenyewe."

Aliweka mapigo mia moja. Mdundo ukatoka kwenye spika mkavu, mnyoofu, bila pambo. Alisikiliza akiwa mbele ya mama, akitembea kinyumenyume, mikono wazi kumdaka, na miguu yake mwenyewe ikaanza kuufuata bila kuulizwa. Hatua ya nne mama aliyumba. Ya sita akakaa kitandani kwa kishindo.

"Tena."

Mara ya pili hatua nane. Mara ya tatu tano. Mara ya nne alifika tisa, mlango ukiwa mbele yake kwa hatua tatu, akajikuta ameshika mkono wa mkwewe kwa kucha zote. Jasho lilimtoka kwenye mstari wa nywele. Upande wa kushoto wa mdomo ulimshuka, kama ulivyofanya kila alipochoka kupita kiasi.

Mtunzi alizima spika. Kimya alichokitamani wiki zote zile kilikijaza chumba, na hakikumfaa kitu.

"Pumzika kwanza, mama," alisema, na safari hii alimaanisha. "Kaa. Hata ukikaa hapa, chumba kipo. Hakuna anayekufukuza."

Mama mkwe aliuachia mkono wake. Akaurudisha mguu wa kushoto sambamba na wa kulia, polepole, akiusukuma kwa kiganja pale ulipogoma. Akainua kichwa.

"Nitapumzika kwangu," alisema. "Washa."

Akawasha.