Pitia kwa Naibu

Naibu wa mwalimu mkuu, Mukhwana, alizikwa kwao Bumula likizo ya Aprili, lakini muhula wa tatu ulipofika bado hakuna jambo shuleni lililofanyika bila kupitia kwake. Mwalimu akitaka chaki, ruhusa au hata kubadilisha kipindi, alibisha mlango wa ofisi yake, akasubiri, kisha akarudi zake kuketi. Phelista wa jikoni aliendelea kumpelekea chai ya asubuhi. Kikombe kilirudi kitupu, na hakuna aliyetaka kujua zaidi.

Nasambu, aliyehamishwa kutoka Kitale kuja kufundisha kemia, aliona ni upuzi mtupu. Wenzake hawakuwa wavivu, walikuwa wamechoka kubisha. Wengine walishaacha hata kuandaa masomo, maana ya nini kujisumbua? Lakini yeye alikuwa na watahiniwa wa kidato cha nne. Mtihani wa maabara ulikuwa unabisha hodi, na tangu Aprili hawakuwa wameshika hata chupa moja ya asidi. Ufunguo wa maabara ulikuwa kwenye droo ya naibu. Wangeanguka, tena wangeanguka mikononi mwake.

Akamwendea mwalimu mkuu, Gathii.

"Pitia kwa naibu kwanza, madam," Gathii alisema bila kuinua macho.

"Mwalimu, si naibu alikufa?"

"Ofisi haijakufa. Hapa tunafuata ngazi."

Nasambu alibisha basi mlango wa naibu, kwa hasira. Mwalimu Wekoye wa historia akamkuta pale mlangoni.

"Hajajibu? Basi hajakubali, bana. Rudi kesho." Kisha akashusha sauti. "Lakini usiingie, madam. Mimi huwa nasikia kiti kikilia huko ndani."

Nasambu alingoja Wekoye apinde kona, akasukuma mlango. Ofisi ilikuwa safi, haina hata vumbi. Droo ilikuwa imekwama, ikabidi aketi ndipo aivute vizuri. Kiti kilikuwa na joto, kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi. Hata hivyo aliivuta droo, akaupata ufunguo.

Mlango ukabishwa.

"Ingia," akasema.

Hakuna aliyeingia. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi.

"Bado hajajibu," Wekoye alimwambia mtu huko nje. "Twende tu."

Nasambu alikurupuka, akafungua mlango, akamshika Wekoye bega. Wekoye alijikuna pale begani, akaendelea na safari yake.

Nasambu alikimbia hadi maabara. Wanafunzi walikuwa wameketi nyasini.

"Ati madam hajakuja," Jepchirchir, kiranja wao, alikuwa akiwaambia.

Nasambu aliwaita mpaka koo likamuuma. Hakuna aliyegeuka. Akatamani kupiga nduru. Badala yake aliutia ufunguo kwenye kufuli, akauacha mlango wazi.

Jepchirchir alisimama, akautazama.

"Kumbe naibu amekubali," akasema, na wote wakaingia mbio.

Nasambu aliwatazama kupitia dirisha mpaka maji ya kwanza yalipobadilika rangi ndani ya chupa. Kisha akarudi ofisini, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Phelista alikuwa ameshaweka chai mezani. Akaketi, akainywa yote.