Spika ya Tatu Imefungiwa Kabatini

Unajifanya huoni. Kila Jumapili asubuhi unavua viatu kwenye kibaraza cha Duara la Wasikilizaji hapa mjini Miraj, unakanyaga shuka jeupe, unaegemea mito minene ya katikati na kufumba macho rekodi ikipigwa. Ukutani, upande wa kushoto, tumekaa sisi wanawake, magoti yakigusana. Umetuona. Umeamua tu kwamba hayakuhusu.

Basi sikiliza, maana mimi sisahau.

Mbele ya ukumbi kuna spika mbili, kubwa kama makabati. Aliyekaa katikati husikia maajabu: tanpura, ile ala ndefu ya nyuzi, ikivuma kushoto, ngoma za tabla kulia, na mwimbaji kakaa pale katikati, mahali ambapo hakuna kitu. Niliwahi kuketi hapo siku ya usafi, na nakubali, ni maajabu. Lakini yule mwimbaji yupo kwa ajili ya mtu wa katikati peke yake. Sisi wa ukutani, spika ya kushoto ikitupigia sikioni, tunamsikia amebanwa humo ndani pamoja na tanpura, na tabla iko huko ng'ambo kama mtu anayebisha hodi kwa jirani.

Ndiyo maana Jumapili ile Yamutai alikosea. Yamutai hulainisha vibuyu vya tanpura mtaa wa watengeneza ala, na tangu utotoni anapenda muziki kuliko chakula. Desturi yetu unaijua: mzunguko wa tabla ukirudi kwenye pigo lake la kwanza, mkono unainuka na "wah!" ya kusifu inatoka. Ya Yamutai ilitoka imechelewa. Wanaume wakacheka. Na wewe ulicheka.

Bapusaheb Inamdar, mwenyekiti, akazima rekodi.

"Yamutai, hiyo ilikuwa ya wimbo huu au wa Jumapili iliyopita?"

"Bapusaheb, huku tabla haifiki."

"Masikio ndiyo hayafiki. Kuanzia mwezi ujao kina mama mje wakati wa chai tu. Bisi za mchele mnazikaanga vizuri sana."

Wewe ukatazama dari.

Wakati huo sinema ya sokoni ilikuwa inafungwa na kuuza vyombo vyake. Tukachanga, tukainunua spika yake ya katikati, ile iliyokaa nyuma ya pazia ikitoa maneno ya waigizaji, ili hata mtu wa kiti cha pembeni ayasikie yakitoka vinywani mwao. Fundi redio akatuunganishia: inachota kidogo cha kushoto, kidogo cha kulia, inavitoa katikati. Tukaileta kwa mkokoteni kabla hamjafika.

Ilipowashwa, mwimbaji akatoka kwenye kona. Akaketi mbele yetu, tabla begani pake. Pigo likarudi, na "wah!" ya Yamutai ikatoka pamoja na zenu, haikupishana hata kidogo.

Bapusaheb akageuka kama aliyeumwa na siafu.

"Nani kaleta dubwana la sinema humu? Muziki ni spika mbili! Binadamu ana masikio mangapi?"

"Mawili, Bapusaheb," Yamutai akasema. "Lakini mwimbaji ana mdomo mmoja."

"Linabana sauti! Linaharibu upana wote!"

"Linamharibia nani?"

"Anayejua kusikiliza."

"Yaani anayekalia mto."

Bapusaheb akachomoa waya kwa mkono wake mwenyewe. Spika ikafungiwa kwenye kabati la kamati.

Jumapili iliyofuata tuliwahi. Yamutai akaketi kwenye mto wa katikati, wa Bapusaheb, nasi tukamzunguka, hata pa kupitisha mguu pasiwepo. Bapusaheb akaingia, akasimama.

"Yamutai, umepotea njia?"

"Hapana. Leo ndiyo nimefika."

"Inuka."

"Spika mbili si zinatosha, Bapusaheb? Basi zikutoshe na huko ukutani."

Mzee wa heshima zake hawezi kumshika mkono mke wa mtu mbele za watu. Akaenda ukutani, kidevu juu, spika ya kushoto ikimpigia sikioni. Rekodi ikaanza, wimbo wa mwendo wa pole ambao anajisifu kuujua toka ujana. Pigo likarudi, sisi tukainua mikono. Kisha kutoka ukutani, peke yake, imechelewa: "Wah!"

"Bapusaheb," Yamutai akamuuliza kwa upole, "bisi unajua kukaanga?"

Alitoka bila kuvaa viatu vizuri. Hakukubali chochote. Anasema rekodi ilikuwa na kasoro, anasema tulimvunjia heshima, na leo jioni ameitisha kamati: spika ikauzwe kwa wauza vyuma chakavu, na wanawake wasikanyage tena ukumbini.

Wewe ni mjumbe wa kamati hiyo. Ufunguo wa pili wa kabati unao wewe. Usije nyumbani kwangu kuninong'oneza kwamba moyoni uko pamoja nasi. Moyo wako hauna waya. Nenda ukumbini kabla hawajaketi. Fungua kabati, itoe spika, iweke katikati, chomeka. Wakikuuliza nani kakutuma, waambie wakae ukutani kwanza, halafu waulize tena.

Jua halijazama bado. Inuka.