Pale Drams Zinaponyamaza

Shemeji yangu akiuchukua wimbo wa mtu, mwenyewe akiusikia anauliza ni wa nani. Ndiyo jazi yake hiyo. Albamu nzima kaijaza nyimbo za zamani za watu wengine, kaziimba taratibu mpaka maneno tuliyokuwa tukiyachezea harusini yakaanza kuuma. Mimi ndiye mpiga drams wake, na nilimwambia wazi, "Zote sawa, ila ule wa getini usinihusishe."

Ni wimbo wa mapenzi tu: msichana anamwambia mchumba wake, nisubiri getini, nakuja. Lakini mke wangu, dada yake huyu mwimbaji, aliungua hadi kufa kwenye kiwanda cha nguo, yeye na wenzake, wakiligonga geti ambalo bosi alilitia kufuli wasitoke kabla ya saa. Na hata baada ya moto ule, kufuli wakaendelea kulifunga.

"Shem, bila wewe siurekodi," akasema. "Na bila huo, hii si albamu."

"Tafuta mwingine."

"Mwingine hakumuoa dada yangu."

Mwanamke yule! Nikakubali shingo upande.

Yeye harekodi vipande vipande. Wote chumba kimoja, kwa mkupuo mmoja. Mmoja akikosea, mmekosea wote. Nilianza vizuri, nikizipapasa drams kwa brashi zangu. Alipofika "nisubiri getini," sauti ikashuka, siyo ya kuomboleza, ya mtu anayedai chake. Mikono yangu ikagoma. Nikakaa kama gogo. Yeye akaendelea peke yake, hakutetereka, hadi mwisho.

"Turudie," fundi mitambo akasema. "Drams zimepotea."

"Hazijapotea. Acha hivyo hivyo."

Nilimnunia wiki nzima. Jina langu litoke kwenye albamu, nami nimekaa kimya kama mgeni!

Kumbe mwenzangu aliona mbali. Wafanyakazi wa kiwanda kile walipogoma kulipinga kufuli, waliuweka wimbo ule kwenye spika nje ya kiwanda. Nilikuwepo, nimejibanza nyuma ya watu. Ulipofika pale ninaponyamaza, mama mmoja akaligonga geti kwa kiganja, kwa mapigo yangu yaleyale. Akafuata wa pili, kisha wote. Bati likanguruma, na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikalia bila aibu.

Mke wangu angenicheka sana: miaka yote napiga, nakuja kusifiwa kwa kuacha.

Juzi nilipita pale mashine zikiwa zinanguruma ndani. Geti lilikuwa wazi. Nikasimama, nikamsubiri kidogo.