Aliyekata Majani ya Mtupatupa

Hafidha alikuwa na duka la khanga mjini Mbinga, mkabala na bustani ya mapumziko. Asubuhi, kabla ya kufungua, alikuwa akivuka barabara kuungana na wenzake wa kujitolea. Walikuwa wameng'oa ukoka kwenye kona moja, wakapanda mimea ya huku huku, marejea na mtupatupa, ili nyuki na vipepeo wapate maua. Wazo lilikuwa la Mzee Bernadi, mkulima wa kahawa, aliyechoka kuona mji umejaa maua ya kigeni ambayo nyuki huyapita tu.

Asubuhi moja Hafidha aliinamia mtupatupa akakuta majani yamekatwa. Hayakutafunwa. Yalitolewa vipande vya mviringo, kingo safi kabisa.

"Shikamoo, mzee. Njoo uone."

"Marahaba." Bernadi akarekebisha miwani. "Jani hili wavuvi wa Liuli walikuwa wakilitwanga kulevya samaki. Hata mbuzi halisogelei. Sasa nani kalila?"

Aidan, mwenzao aliyekuwa na bomba la dawa mgongoni, hakutaka maswali mengi. "Wadudu hao. Nipulize, tumalize habari."

"Na nyuki tunaowaalika?" Hafidha akamzuia. "Nipe mpaka adhuhuri."

Aidan akaguna, akalitua bomba.

Hafidha akaketi chini kwenye udongo. Wateja walimwita kutoka ng'ambo ya barabara. Akawapungia mkono warudi baadaye. Jua lilipokaribia utosini, nyuki mdogo mweusi, tumbo lake la rangi ya chungwa upande wa chini, akatua ukingoni mwa jani. Akazunguka huku akikata, na mara kipande kikachomoka. Akaruka nacho.

"Anakipeleka wapi?" Hafidha akainuka mbio, mtandio ukamdondoka begani. Nyuki akaambaa na uzio wa mianzi, akazama kwenye tundu la mwanzi mmoja.

Mwanzi wa pembeni yake ulikuwa na ufa. Aidan, aliyekuja nyuma yake, akaupanua taratibu. Ndani mlikuwa na vifuko vya majani vilivyosokotwa, vimepangana. Akafungua kimoja kwa ukucha: unga wa maua wa njano, na juu yake yai jeupe.

"Kumbe ni watoto," akasema kwa sauti ndogo. "Na mimi nimeshakiharibu."

"Kifunike," Hafidha akamwambia.

Akakifunika, akaubana mwanzi kwa kamba ya katani. Dawa yake akarudi nayo nyumbani kama alivyokuja nayo. Kesho yake alileta mianzi mikavu, akaikata mifupi mifupi na kuifunga uzioni.

Hafidha alikuwa bado hajatosheka. "Majani yote haya, kwa nini achague lenye sumu?"

"Labda sisimizi wakilionja wanawaacha watoto wake," Bernadi akajibu.

"Una hakika, mzee?"

"Hata kidogo."

"Basi tuone kama anakata na mengine," Hafidha akasema, akaketi tena chini. Aidan akasogea, akaketi kando yake.